Siku Mashine ya Kusaga Iliponisubiri

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa na kibanda cha kuchapa barua na kadi za harusi mjini Shinyanga, na kompyuta moja kuukuu niliyoipenda kuliko ndugu zangu kadhaa.

Ndani yake mlikuwa na nyimbo za kulimia ambazo mama yangu aliongoza mashambani ujana wake wote. Mwaka wake wa mwisho aliniimbia, nami nikazichapa kwa Kisukuma. Kisha diski ikajaa, ikaanza kugongagonga. Flopi zangu za akiba zilikuwa zimeliwa na vumbi. Niliogopa, nasema wazi. Mama nilishamzika, sikutaka kumzika tena.

Diski mpya, kubwa zaidi, niliagiziwa Mwanza na Mhindi mwenye duka la vifaa vya umeme. Alinishauri nimwite fundi. Nikakataa, maana fundi wa mwisho aliirudisha kompyuta ikiwa na skrubu pungufu na maneno mengi. Nikaziunganisha diski mbili mwenyewe, ya zamani nikaifunga uzi mwekundu nisizichanganye. Ukikosea uelekeo, utupu unanakiliwa juu ya mali.

Tatizo lilikuwa jirani. Mashine yake ya kusaga ilipowashwa tu, taa zangu zilisinzia na kompyuta ikajizima. Kunakili kulitaka saa nzima ya umeme uliotulia.

"Shikamoo, baba," nilimwambia. "Naomba usiwashe kwanza."

"Marahaba. Na hawa je?" Akanionyesha foleni ya akina mama na madebe yao. "Waambie wewe."

Nikawaambia ukweli wote, nyimbo na mama. Watoto wao walikuwa wanasubiri ugali, wangenifukuza wasingekosea. Mmoja, mwenye beseni la udaga wa mihogo, akaketi chini.

"Haya mayu, nakili," alisema, akiniita mama kwa Kisukuma. " Njaa haikuanza leo."

Wakahamia mlangoni kwangu, wakitazama namba zikipanda kwenye skrini. Mwenye mashine alikuja kulalamika, wakamzomea. Kazi ilipokwisha nikatoa diski ya zamani, nikawasha mpya ikiwa peke yake. Ikaamka! Nyimbo zote zilikuwemo, hata koma zilikuwa mahali pake. Nilipiga kigelegele kabla yao, na walipoanza wao, mtaa ulitoka nje.

Nikawasomea wimbo mmoja kwa sauti. Mama wa udaga akanikatiza.

"Umeruka ubeti."

Nikabisha, kwa kubisha sina mpinzani. Akauimba, kama aliyewahi kuupokea shambani. Ulikuwa wa mama kabisa, pamoja na kejeli zake kwa wanaume wavivu. Machozi yakanitoka huku nikicheka. Nikauchapa, nikahifadhi, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi kompyuta haikuniambia kwamba nafasi imekwisha.

Mwenye mashine akapaza sauti kuuliza kama sasa ameruhusiwa kuwasha. Nikamjibu asubiri kidogo. Mama wa udaga alikuwa na ubeti mwingine.