Uwimana wa Kwenye Ripoti

Uwimana hakuwapenda watafiti, na hilo hakulificha. Tangu avuke kutoka Burundi mwaka 2000, akaolewa na Leonidasi, Muha wa kijiji cha Kitanga, Kigoma, akapata na uraia, walikuwa wamemfuata mara nne, kwanza na madaftari, baadaye na simu za kurekodi. Kila mmoja alitaka kujua vita vilimfanya nini. Havikumfanya kitu. Alitembea na baba yake, miguu ikavimba, wakafika salama, basi. Habari kama hiyo haikuwa na wateja.

"Hawataki aliyepona," alizoea kusema huku akikanyaga cherehani. "Wanataka aliyevunjika, wapate vyeo."

Kwa hiyo Dokta Salha Hilali alipokuja kutoka Dar es Salaam, akasema yeye ni mwanamke mwenzao na amekuja kupaza sauti za wanawake, Uwimana hakuinua hata macho kwenye pindo alilokuwa akishona.

"Sauti ninayo, dada. Ungetaka kuisikia ungekuja siku ya gulio."

Dokta alicheka, akaandika, "Mama Aline, amekataa," akaenda zake. Mama Aline ndivyo kila mtu alivyomwita. Jina lake lingine Dokta hakuuliza.

Mwaka uliofuata akarudi. Alisema utafiti wenye heshima hauchukui ukatokomea, lazima urudishwe kwa wenyewe. Aliwaita wanawake kanisani, na wanaume wakaja pia, maana walisikia kuna soda. Akafungua karatasi zake, akasoma kwa sauti nzuri ya kufundishia: "Uwimana alishikwa na askari, wakakaa naye msituni miezi miwili. Alipovuka mpaka alikuwa na mimba. Aliolewa haraka, na mpaka leo mumewe anadhani mtoto wa kwanza ni wake."

Kitanga nzima Uwimana ni mmoja. Vichwa vikageuka, na Leonidasi naye akageuka. Mtoto wa kwanza wa Uwimana ni Aline, na Jumamosi ya wiki ile wakwe kutoka kijiji cha Kabanga walikuwa waje kupanga siku ya harusi yake.

Uwimana alimkamata Dokta mlangoni pa gari.

"Mimi hukunihoji. Rudi ndani useme."

"Mama, lile ni jina la kubuni." Dokta alishusha sauti. "Mhusika alilichagua mwenyewe. Tunawapa wanawake uhuru wa kuchagua."

"Uhuru wa kuchagua langu?"

"Nikisema si wewe, wataanza kumtafuta ni nani. Nilimwapia kumficha."

"Na mimi uliniapia nini?"

 Dokta alikuwa na fomu za kila namna, zenye sahihi na alama za dole gumba, lakini hakuna hata moja iliyomhusu mtu aliyekataa. Akapanda gari.

Kumtafuta mwenye habari hakukumchosha Uwimana. Kule kanisani, watu wote walipokuwa wakimkodolea macho yeye, mwanamke mmoja tu alikuwa akitazama sakafu: Niyubahwe, jirani yake na Mrundi mwenzake, mke wa Venanti. Kesho yake alimkuta uani akimenya mihogo.

"Kwa nini mimi?"

Niyubahwe hakukana. "Aliniambia nichague jina lolote. Nikawaza, nani akibebeshwa hili hataanguka? Wewe watu wanakuogopa, Mama Aline. Na sikujua atalisoma hapa. Nilidhani linakwenda kwa Wazungu."

"Venanti anajua?"

"Oya, hapana! Akijua ataniua."

Hayo hayakuwa maneno tu. Uwimana mwenyewe alishawahi kumnyang'anya Venanti panga, siku aliyodhani mkewe amesalimiana na mtu vibaya. Alitema mate chini, karibu kabisa na beseni la mihogo.

"Mlangoni kwangu usikanyage tena mpaka nizikwe. Na siku hiyo pia baki kwako."

Nyumbani alimkuta Leonidasi akihesabu miezi kwa vidole. "Hesabu vizuri," alimwambia, "na vya miguu ukitaka." Miezi ilitosha ikabaki, lakini mume hakumtazama usoni, na Uwimana alimchukia kwa kila kidole alichokunja.

Jumamosi wakwe wakaja. Pasikali, baba mkubwa wa kijana, hakuzunguka.

"Lisemwalo lipo, shemeji. Kama si wewe, tutajie ni nani, yaishe leo hii."

Neno moja tu, na Aline angeolewa. Aline mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni, akimwomba mama yake kwa macho. Nyuma yake lilionekana bati la nyumba ya Niyubahwe. Uwimana alimlaani aliye chini ya bati lile, akamlaani na Dokta, kisha akasema:

"Habari si yangu. Mwenyewe simtaji."

"Sasa sisi tutajuaje?"

"Hamtajua."

Wakaondoka bila kugusa pombe. Aline hakulia. Tangu siku ile akawa anamsalimia mama yake kama mteja.

Mwezi wa tatu baada ya hapo Dokta Salha alirudi peke yake, na daftari jipya. Alikuwa akiandika kuhusu makosa ya watafiti, alisema, likiwemo la kwake, na alitaka kuyasikia maumivu ya Uwimana kwa kinywa chake mwenyewe. Machozi yalimlengalenga, na pengine yalikuwa ya kweli.

"Safari hii utasikia kila kitu kabla sijakitoa," alisema. "Na jina utachagua wewe."

Aline, aliyekuwa akikata kitambaa, aliweka mkasi chini. Uwimana akasimamisha cherehani.

"Lolote?"

"Lolote, mama."

"Andika Salha Hilali. Halafu ukalisome kwenu, mama yako akiwa amekaa mbele."