Nywele Nilizowapa Hazikuwa Zangu

Kabla sijaanza, huyo aliyeinua simu aishushe. Nimekuja kusema kwa mdomo wangu, sikuja kupigwa picha. Haya, nawasalimu wote. Mimi ni Mama Atu wa hapa hapa Galula. Itazameni mikono yangu: nimeshika kikombe cha chai na hakimwagiki. Miaka miwili iliyopita kingeshamwagika.

Nilikuwa mtu wa nguvu. Mume wangu alikuwa anasaga mawe ya dhahabu kwa mashine kule karashani, mimi naosha mchanga na kukamata dhahabu kwa zebaki. Lile donge la dhahabu na zebaki nilikuwa nalichomea jikoni kwangu, kwenye jiko la mkaa, mlango nimeufunga. Kwa nini nyumbani? Kwa sababu sikumwamini mtu. Ukichomea mwaloni, pale tunapooshea mchanga wote, kila jicho linajua umepata kiasi gani. Atu, binti yangu, alikuwa mgongoni, hajafikisha miaka miwili.

Ugonjwa ulianza mdomoni. Mate yalijaa, yana ladha ya msumari. Fizi zikavimba, nikipiga mswaki natema damu. Usingizi ukakata. Kisha mikono ikaanza kutetemeka, hata kifungo cha gauni kikanishinda. Nikawa mkali, nafokea mpaka kuku. Nilijua nimerogwa, na orodha ya walioniroga nilikuwa nayo kichwani.

Ndipo wakaja watu wa chuo kikuu, wa taasisi ya utafiti wa afya. Msemaji wao alikuwa dada mmoja, Dokta Tumaini. Akasema wanapima bure zebaki iliyoingia miilini mwa watu, na wanaomba vitu vitatu: nywele, kucha na mkojo.

Jamani, nywele na kucha! Kwetu vitu hivyo mtu anavitumbukiza chooni asivione yeyote. Leo nimkabidhi mgeni? Nikamuuliza, "Mkimaliza mnavipeleka wapi?"

"Vinapimwa maabara, mama."

Moyoni nikasema, mnaviuza.

Wakanipa bahasha na kichupa, nivirudishe kesho yake. Nyumbani alikuwepo dada yangu Sekela, muuza vitenge wa Tunduma, amekuja kunijulia hali. Yeye zebaki hajawahi kuishika. Nikamwomba atoe vyake badala ya vyangu.

Akacheka. "Kwa hiyo wakiniroga mimi sawa tu?"

Nikamwambia yeye ni mtu wa mjini, uchawi wa huku haumfikii. Akakubali kwa kunihurumia. Nywele zake, kucha zake, mkojo wake, jina langu.

Baada ya wiki kadhaa Dokta Tumaini akaleta majibu. "Mama Atu, uko salama. Na kwa kuwa wewe uko salama, mtoto hatutampima kwa sasa." Na mimi nikafurahi! Yaani nilidanganya mwenyewe, halafu nikauamini uongo wangu. Nikaendelea kuchoma, mlango nimeufunga.

Mwezi haukuisha, Atu akabadilika. Viganja na nyayo vikawa vyekundu, ngozi ikawa inachubuka. Alikuwa ameshaanza kutembea, akaacha. Alilia mchana kutwa, na ukimbeba analia zaidi. Baba yake akasema, "Mpeleke kwa wale wa chuo." Nikamjibu, "Hao ndio waliomroga."

Dokta Tumaini alipokuja tena kijijini, akapita kwangu. Nikamletea maji ya kunywa, yakamwagika yote kwenye sketi yake. Akaitazama mikono yangu, akamtazama Atu. Akauliza taratibu, "Mama, zile nywele zilikuwa za nani?"

Nilitaka kudanganya tena. Ila Atu alikuwa mapajani pangu, anajikuna viganja. Nikasema, "Za dada yangu." Nikalia kwa aibu.

Hakunigombeza. Akaomba nywele zangu na za mtoto. Nikampa sharti: akate zake kwanza, nikae nazo mimi. Akachukua mkasi, akakata mbele yangu. Nikamwambia na kucha. Akakata na kucha, akatia kwenye bahasha, akanipa. Ndipo nami nikakata zangu na za Atu.

Safari hii majibu yalisema zebaki ni nyingi, kwangu na kwa mtoto. Tukapelekwa hospitali ya rufaa, tukapewa dawa. Daktari akasema, "Mkirudi kwenye moshi ule wa zebaki, dawa hizi ni kazi bure." Tukahama nyumba ile. Taasisi ikatuletea chombo cha chuma kinachofungwa, chenye bomba la kupeleka moshi wa zebaki kwenye maji, ipoe tuikusanye tena. Sasa tunachomea mbali na makazi, wote pamoja, mchana kweupe. Anayetaka kujua nimepata kiasi gani, aje atazame.

Fizi zilipona kwanza. Mikono ilichukua miezi mingi. Atu siku moja alishika ndoo, akasimama, akaja kwangu hatua nne. Nilipiga kelele mpaka majirani wakadhani kuna msiba.

Namshukuru Mungu, nawashukuru watu wa chuo, namshukuru dada Sekela. Sisemi muwaamini tu hivi hivi. Waulizeni, na wakijibu waulizeni tena, mimi mpaka leo nawauliza. Ila ukishamaliza kuuliza, peleka nywele zako mwenyewe.

Na wewe Dokta Tumaini uliyekaa pale nyuma, bahasha yako bado ninayo, iko chini ya godoro. Siku Atu atakapokwenda shule kwa miguu yake, nitakurudishia.