Salamu za Kerubo kwa Kiayalandi

Anayedhani kazi ya kulea wazee ni kukaa tu kitini, na aende Columbia Heights, kule Marekani, asubuhi amwone Kerubo akishuka basi. Macho mekundu, miguu imevimba, ametoka zamu katika nyumba ya wazee na bado anakwenda kwa Nora. Nora ni bibi aliyezaliwa Ayalandi. Haoni tena, na madaktari hawampi dawa ila za kutuliza maumivu. Moyoni amebaki na haja moja tu: mdogo wake Bríd, aliyebaki kwao, amjibu kabla hajafa. Walikosana Nora aliposhindwa kwenda kumzika mama yao.

Basi kila juma Nora hutaja ujumbe kwa Kiayalandi, herufi baada ya herufi, na Kerubo huuandika kwenye simu. Lugha hiyo hubandika vialama juu ya irabu zake, na kukipata kimoja lazima ushikilie herufi mpaka wenzake wajitokeze, kisha utelezeshe kidole. Kidole cha mtu aliyekesha hakina adabu. Nora naye hana huruma: husomewa tena herufi moja moja, na kialama kikikosekana, futa, anza upya. Kerubo akaona heri ajifunze, akawa anafanya mazoezi ya wanaoanza humo humo ndani ya basi.

"Wee Kerubo, watoto wako ukiwaongelesha Kiswahili wanakujibu Kizungu," mumewe Nahashon alimcheka. "Sasa hiyo una-study ya nani?"

"Ya Nyanya Nora. Niache nilale."

Ujumbe wenyewe ulikuwa mkavu. *Tá mé beo. Níor fhreagair tú.* Yaani, niko hai, hukujibu. Basi! Hilo lilimkera Kerubo kuliko vialama vyote. Kwao Kisii hata anayekuja kugomba huuliza kwanza watu wa nyumbani, mvua na ng'ombe. Alhamisi moja Nora alisinzia kabla ujumbe haujatumwa. Kerubo, hoi kwa uchovu, akaongeza juu yake maneno aliyoyajua kutoka kwenye mazoezi: *Cén chaoi a bhfuil tú? An bhfuil sé ag cur báistí? An bhfuil bó agat?* Hujambo? Mvua inanyesha? Una ng'ombe? Akatuma. Papo hapo hofu ikamshika, kwa kuwa alikuwa amemsemea mtu aliye kitandani pa kufia.

Kesho yake jibu likaja. Kerubo akalisoma kwa kujikwaa, asielewe ila mvua na ng'ombe. Nora ndiye aliyelifasiri.

"Anasema mvua haijakatika. Ana ng'ombe mmoja, mkorofi. Mguu unamsumbua. Anasema miaka yote hii sikuwahi kumuuliza." Akageuza uso. "Nani aliuliza habari za ng'ombe?"

"Ni mimi, Nyanya. Nisamehe. Kwetu hatuanzi bila salamu."

Kerubo akaona machozi yakimtiririka Nora hadi kwenye mto, akajua kazi imeota mbawa.

"Andika," Nora akasema mwishowe. "Muulize mguu ulianza lini kumuuma."

"Na habari ya mazishi ya mama?"

"Mguu kwanza."

Kerubo akapiga mwayo, akajifuta macho kwa mkono wa sweta, akaweka kidole juu ya herufi na kuishikilia.