Simenti Chini ya Kitanda

Hela ikilala nyumbani kwetu, shida zilikuwa zinasikia harufu yake. Nikiweka kidogo kwenye simu, kesho yake mtoto anaumwa jino. Nikificha kwenye kopo la majani ya chai, mtu wa kijijini anapiga, na kabla hajamaliza kuuliza habari za watoto najua hii siyo salamu tupu. Siwalaumu. Sisi ndio tuliokuja mjini, na kwa wenzetu mtu akiwa mjini ana hela, hata kama huko mjini anauza uji.

Mimi nauza uji na vitumbua pale stendi ya Buzuruga, hapa Mwanza, asubuhi, kabla jua halijawa kali. Mume wangu ni fundi wa injini za mitumbwi, kule mwaloni wavuvi wanakoshushia samaki. Kazi yake inafuata mwezi. Giza likiwa nene, wavuvi wa dagaa wanaingia ziwani, injini zinakorofisha, naye anapata. Mbalamwezi ikitoka, mitumbwi inalala, na yeye anashinda kwenye kigoda chake anakunywa kahawa ya mkopo. Kwa hiyo tulikuwa na wiki za kula na wiki za kukata sabuni vipande. Watoto walishajua wenyewe. Mwezi ukiwa mkubwa hakuna anayeomba daftari jipya.

Tulikuwa tumepanga vyumba viwili Mabatini, mlimani, nyuma ya maduka. Nyumba ilijengwa ikiegemea mwamba, ukuta wa nyuma wa chumba tulichokuwa tunalala ulikuwa nusu tofali, nusu jiwe lenyewe kama Mungu alivyoliacha. Kiangazi chumba kile kilikuwa na ubaridi mzuri. Buhongwa tulikuwa na kiwanja na boma, yaani kuta tupu bila paa, zimesimama miaka mpaka majani yameota chumbani. Jumapili baada ya ibada mume wangu alikuwa anakwenda kuliangalia, anang'oa majani, anarudi.

Siku moja mwenye nyumba wetu alikuja, mzee wa heshima zake, muuza vitenge. Nilikuwa naloweka mchele wa vitumbua.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hamjambo humu?"

"Hatujambo, karibu."

Akakaa kwenye stuli, akasifia ninavyopatunza, nikajua hapa kuna jambo. Mtu hasifii nyumba yake mwenyewe bure.

"Kijana wangu anaoa," akasema. "Nataka nimweke hapa. Sikufukuzi, mwanangu. Tena nawapa muda mrefu. Masika ijayo isiwakute humu, basi."

Nilimshukuru. Kweli alikuwa ametupa muda. Lakini kupanga kwingine ni kodi ya miezi sita mkononi, na dalali juu yake, halafu mwisho wake ni huo huo, kuna kijana mwingine ataoa. Mume wangu aliporudi tulikaa bila kuwasha redio. Akasema, "Tupaue." Nikasema, "Tupaue na nini?" Akasema, "Na hicho hicho kidogo." Tukakubaliana. Masika itukute Buhongwa, chini ya bati letu.

Tukagawana. Yeye atalipia mabati na mbao kidogo kidogo kwenye duka la vifaa kule Buhongwa, wamwekee. Mimi nitatafuta simenti, ya kumwaga lenta, ule mkanda wa zege juu ya kuta, na ya sakafu. Bila lenta huwezi kupaua, hilo kila mtu anajua.

"Na wewe lipia, acha dukani," akaniambia. "Tutachukua siku ya kazi."

Mimi sikutaka. Jirani yangu mmoja aliwahi kulipia dirisha, siku ya kwenda kulichukua akakuta lile duka linauza soda. Nilitaka nikiilipia niione. Tena nilikuwa na hesabu yangu nyingine: simenti haitumwi kwa simu. Mtu akipiga anaomba, nitasema sina, na itakuwa kweli. Simenti haiwezi kununua dawa ya jino. Ikishaingia chini ya kitanda imetulia, inangoja nyumba.

Basi nikaanza kubana. Niliacha masomo ya jioni kwanza. Nilikuwa nimefika masomo ya kidato cha tatu, tunasoma kwenye madarasa ya shule ya msingi, akina mama na vijana wa bodaboda, magoti yamegusa madawati. Nikamwambia mwalimu napumzika kidogo. Nyama ikatoka, sukari ikabaki ya mgonjwa na mgeni. Nikawa nanunua mapanki, ile mifupa ya sangara inayobaki minofu ikishatolewa, nachemsha na nyanya chungu, na watoto wanajifunza kunyonya mfupa bila kujichoma. Mama mmoja wa stendi alinicheka.

"Wewe unakula mapanki kama paka, hela unapeleka wapi?"

"Nanenepesha kitanda," nikamwambia. Akafikiri ni matusi, akacheka zaidi.

Kitu kimoja sikukigusa, fungu la kumi. Mume wangu alijaribu, mwezi mmoja wa mbalamwezi.

"Mungu anaona tunajenga."

"Anaona. Na hilo fungu lake pia analiona."

"Sasa si tumkope?"

"Mkope wewe, unayemwomba kwa sauti kubwa."

Akatabasamu kidogo. Sikuwa nimekasirika. Nilikuwa nimechoka tu, na mtu aliyechoka akianza kulegeza kamba moja, zote zinafuata.

Mifuko ikaingia mmoja mmoja, kijana wa mkokoteni ananisaidia mpaka mlangoni. Niliipanga chini ya kitanda, mingine nikaisimamisha ukutani na kuifunika khanga, ikawa kama makochi. Binti yangu mkubwa alikuwa anakaa hapo kufanya kazi za shule. Na mimi, kila asubuhi nikitoka stendi, napiga deki. Sipendi vumbi. Simenti nayo ina vumbi lake, kwa hiyo nilikuwa nasukuma tambara bichi mpaka chini kabisa ya kitanda, nafuta pembeni mwa ile mifuko, kila siku, kwa upendo. Vuli ilipofika ule mwamba ukaanza kutoa jasho kama kawaida yake, nikawa naufuta na wenyewe.

Binti yangu alisema mara moja. "Mama, hiki kiti kimekuwa kigumu."

"Simenti ilikuwa laini lini?" nikamjibu. "Soma."

Wakati wa palizi mama mkwe alipiga simu. Yuko kijijini, ng'ambo ya Magu, analima peke yake na mgongo wake ule. Akanisalimia kwa Kisukuma, mwangaluka mayu, yaani umeamkaje mama, nikamjibu, akauliza watoto, akauliza kuku, ndipo akafika.

"Mayu, majani yamelizidi shamba la viazi. Nilitaka niweke vibarua siku mbili tu."

"Mama, kwa kweli hatuna hela."

"Haya. Kama hakuna, hakuna. Nitang'oa taratibu."

Nilikuwa nimekaa kitandani naongea naye, mifuko iko chini ya miguu yangu. Sikumdanganya, hela haikuwepo. Lakini siku ile sala ya jioni ilinitoka kwa shida.

Mwishoni mwa kiangazi kifupi kile kinachotangulia masika, mume wangu akapata fundi, tukakodi kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo, kupeleka simenti Buhongwa. Wapakiaji wakalalamika inaumiza mabega, nikadhani wanatafuta nyongeza. Tulipofika, mmoja akautupa mfuko chini. Mfuko wa simenti ukianguka unatoa mlio mzito, pu, na vumbi linaruka. Ule uligonga, ukabiringika.

Fundi akaja na mwiko wake, akaugonga. Ukalia. Akachana karatasi. Ndani lilikuwa jiwe, limechukua umbo la mfuko mpaka mikunjo ya pembeni. Akagonga wa pili. Akagonga mwingine.

"Mama," akasema, "Mwanza nzima ni mawe. Na wewe umekwenda kununua ya kwako?"

Wapakiaji wakacheka, kisha wakaona sura ya mume wangu wakaacha.

"Ulikuwa unaiweka wapi?" fundi akaniuliza.

"Ndani. Chini ya kitanda."

"Juu ya mbao?"

"Chini. Sakafuni. Lakini palikuwa pasafi, nilikuwa napiga deki kila siku."

Akanitazama. Kisha akainama kugonga mfuko mwingine.

Mume wangu naye hakunigombeza. Alikwenda akasimama ndani ya boma, kwenye kile ambacho kingekuwa chumba chetu, akaanza kung'oa majani. Nikamfuata.

"Uliniambia niache dukani," nikasema.

"Niliona unavyoipenda," akasema. "Nikaona nikuache nayo."

Kisha akauliza, "Tumwombe mzee atuongeze muda?"

Mzee hakuwa na cha kutuongeza. Ndugu wa mchumba wa kijana wake walishapokea barua ya posa, na gari la kitanda kipya lilishaulizia njia ya kupandia mlimani. Kulikuwa na mkopo wa kikundi cha akina mama, ambao riba yake ninaijua kwa majina ya waliouza majiko yao. Kulikuwa na lile fungu la kumi la mwezi, kwenye bahasha yake, na safari hii hakuna aliyelitaja. Na fundi alikuwa anangoja, ameegemea ukuta, siku yake inalipiwa.

Ile mifuko ya mwisho mwisho, niliyoinunua vuli imeshapita, ilikuwa imeganda ganda tu pembeni. Fundi akaichekecha kwenye wavu, mabonge akayatupa, unga uliobaki akaupima kwa ndoo, akafikiri.

"Hii haitoshi nyumba," akasema. "Tena iliyopigwa na unyevu nguvu yake si ile. Nitazidisha kipimo chake kwenye zege, na bado itafika vyumba viwili. Ila msije mkaniambia mnataka ghorofa."

"Vyumba viwili tumezoea," nikasema.

Ndivyo tulivyoamua, tumesimama pale. Lenta vyumba viwili, bati vyumba viwili, vile vingine vibaki boma. Sakafu hakuna. Lipu hakuna. Mabati yaliyozidi mume wangu akaomba duka limrudishie hela, wakampa misumari na mlango wa mbao.

Zile wiki za ujenzi sikuwa na cha kupika. Unga ulikuwa umekwisha, na mwezi ulikuwa umejaa. Ndipo basi la Magu likatuletea gunia. Mama mkwe alikuwa ametuma michembe, viazi vitamu alivyovikata na kuvianika juani mpaka vikakauka kabisa, na matobolwa yake yaliyochemshwa kwanza. Vilitoka shamba lile lile alilolipalilia taratibu. Nikampigia kumshukuru.

"Mayu, mnaendeleaje na nyumba?"

Nikamweleza. Nilimweleza yote, na khanga, na deki. Nikasikia anacheka, kicheko cha mtu mzima aliyeshika mgongo.

"Mwanangu, kitu cha kuweka akiba kinataka jua," akasema. "Hata mimi ningekwambia. Ila hukusema unacho."

Nikaenda kuchemsha michembe. Tulikula michembe na uji uliobaki stendi, asubuhi na jioni, mpaka bati la mwisho likapigiliwa. Watoto walisema wakikua hawatakula michembe tena. Nikawaambia wakue kwanza.

Tulihama mawingu yakiwa yameshakaa juu ya ziwa. Mzee mwenye nyumba alituma vijana wake wawili watusaidie kushusha vitu mlimani, na mkeke mpya, akasema ni wa kwenda nao. Vyumba vyetu viwili vilikuwa vyeusi ndani, tofali tupu, chini udongo. Nilimwagia maji kidogo nikaushindilia kwa miguu na watoto, kama tunavyofanya kijijini.

Yale mawe yangu yalikuwa bado nje, yamelala kama mito ya kulalia. Kiwanja kiko kwenye mteremko, na mume wangu alikuwa anautazama ule mteremko na kuyatazama. Akayabiringisha moja moja, akayapanga mstari nyuma ya nyumba, akaziba katikati kwa udongo. Masika ilipopiga mara ya kwanza tulisimama mlangoni wote. Maji yalishuka mekundu kutoka juu, yakafika kwenye mawe, yakasimama kidogo, yakageuka yakaenda kwa jirani ambako ni uwanja mtupu. Ndani palivuja sehemu moja tu, tukaweka sufuria.

"Lile la tatu ndilo lilikuwa kiti changu," binti yangu akasema.

Baba yake akamwambia, "Bora mama yako hapa. Sakafu ya udongo haipigwi deki."

Nikacheka. Nilikuwa sijacheka muda, shingo ikauma.

Masomo ya jioni sijarudi, ingawa daftari ninazo. Siku hizi nikipata hela ya mfuko mmoja, namtafuta fundi kwanza, akisema yupo ndipo naenda dukani. Mfuko unaingia asubuhi, jioni umeshakuwa sakafu, kipande cha ukubwa wake. Tulianzia mlangoni, tukafika chini ya meza ya watoto, sasa tunaelekea kitandani. Kila kipande kina rangi yake, kwa sababu mchanga si mmoja. Ninapopiga deki naishia pale simenti inapoishia, nakamua tambara, naanika juani.