Nilimwamuru mkwe wangu awashe trekta ikiwa ndani ya gia

Mguu wa mkwe wangu nimeuvunja mimi. Sikuugusa kwa mkono, lakini ni mimi, na nimechoka kupewa pole nisiyostahili.

Mimi ni bibi, naishi kijiji kimoja cha barabara ya kwenda Namtumbo. Shule sikufika mbali, nitasema kama ninavyosema nyumbani. Marehemu mume wangu aliniachia trekta, na dereva wake ni mume wa binti yangu. Hapa nitamwita Kasiani, binti nitamwita Yustina, na mtoto wao Neema. Majina si yao.

Kwetu mkwe wa kiume habishani na mama mkwe. Akiwa na neno, analipitisha kwa mkewe. Akinikuta njiani anashuka kwenye baiskeli, anaangalia chini, ananipa shikamoo, anapita. Nimekulia katika heshima hiyo na sijaona ubaya wake. Ubaya niliutengeneza mwenyewe.

Mvua zikiwa zimekaribia, klachi ikaisha. Nikamleta fundi kutoka Bombambili afunge mpya. Nilimsimamia kama askari. Kila akitaka kupumzika namwambia angalia mawingu yale. Akafunga, akaondoka.

Kesho yake Kasiani akaijaribu. Anakanyaga klachi mpaka mwisho, gia haziingii, zinasaga tu. Akalala chini ya trekta na spana, akakaza pedali, akailegeza, akajaribu tena. Wapi.

Yustina akaja jikoni.

"Mama, baba Neema anasema klachi haikati. Pedali ameirekebisha, haikusaidia, kwa hiyo tatizo liko ndani. Anahisi fundi amegeuza pleti ya klachi, ameifunga nyuma mbele. Anaomba trekta ifunguliwe tena."

"Trekta imefungwa jana, leo ifunguliwe? Muulize amesomea wapi ufundi."

"Muulize mwenyewe basi, mama. Si huyo hapo nyuma ya ukuta, anakusikia."

"Mkwe ni mkwe. Peleka maneno."

Alikuwa ananisikia kweli. Hata akikohoa nilimsikia.

Sasa, nilikuwa nimewaahidi wenzangu wa jumuiya kwamba shamba letu la pamoja litalimwa siku ile. Walikuwa wameshasimama kule na mbegu na ndoo ya togwa. Jirani mmoja akapita uani akacheka: "Mama, trekta yako siku hizi ni jogoo? Inawika tu, haitoki." Maneno hayo yaliniingia.

Swichi ya trekta ile ilikufa zamani. Kasiani huwa anasimama chini, mbele ya gurudumu la nyuma, anagusisha bisibisi kwenye stata, injini inawaka. Lakini kwanza anahakikisha haiko kwenye gia. Ikishawaka ndipo anapanda, anakanyaga klachi, anaingiza gia. Klachi isipokata, hapo ndipo mwisho, gia haiingii injini ikiwa inanguruma.

Nikajiona nina akili. Nikatoka uani, nikasema kwa sauti huku nikimtazama binti yangu: "Mwambie aingize gia kwanza, injini ikiwa imezimwa, halafu ndipo awashe. Itaondoka yenyewe, yeye aidandie."

"Mama, itamkanyaga."

"Ni mwanaume au gunia? Adandie."

Kasiani alifungua mdomo, nilimwona. Akaniangalia usoni, jambo ambalo hajawahi kufanya. Halafu akainamisha kichwa, akapanda, akaingiza gia, akashuka na bisibisi yake.

Ilivyowaka tu, iliruka. Gurudumu la nyuma likapita juu ya mguu wake, trekta ikaenda kugonga ukuta wa banda ikazima. Yeye sikusikia sauti yake. Nilimsikia Yustina.

Hospitali wamemtibu, uzima anao, lakini goti halikunji tena. Udereva umekwisha, na kulima anachagua kazi za kukaa.

Hapo ningenyamaza ingekuwa afadhali. Watu walipouliza, nilisema dereva alifanya uzembe, hakuruka vizuri. Nililisema hilo kisimani, nikalisema mpaka kwenye jumuiya, na watu wakaamini, maana mimi si mtu wa mchezo.

Baadaye fundi mwingine akaifungua trekta. Pleti ilikuwa imegeuzwa, kama Kasiani alivyosema. Yule fundi alinionyesha kwa kidole, mimi nikawa natazama pembeni.

Nikaenda kwao. Kasiani alikuwa kwenye kigoda, akahangaika kuinuka anipishe. Nikamshika bega akae. Nikaongea naye uso kwa uso: "Ulisema kweli nikakuziba mdomo. Halafu nikakusingizia. Nisamehe, mwanangu."

Akamgeukia Yustina. "Mwambie mama nimesikia."

Hakusema amesamehe, na sikumdai. Jumuiya ilipokutana nikasimama nikayafuta niliyoyasema, mbele ya walewale walioyaamini.

Wewe mwenye trekta, klachi mpya ikigoma kukata, usione aibu kuifungua tena eti kwa sababu watu wanakuangalia. Shamba lile tulikuja kulilima kwa jembe la mkono na mahindi yakaota.

Na wewe mwenye mkwe anayekuheshimu, binti yako akikuletea neno la mumewe, ujue hilo ndilo alilonalo, hatakuja na la pili. Ukilikataa pale jikoni, atakwenda kufanya ulichomwamuru huku anajua kitakachompata.