Mlango Kichwani kwa Mwenye Nyumba

Juzi, barazani kwa kadhi hapa Kindu, mwenye nyumba mmoja alifika na mlango kichwani. Ameung'oa kwa mpangaji wake, fundi wa kushona kanzu, asiyelipa kodi tangu mvua zianze.

"Kadhi, huyu hanilipi!"

Kadhi akamtikisia kidole. "Deni njo haki yako. Mulango hapana. Ungeleta mashahidi, tungemupa muda. Sasa chui akimuingilia, damu yake iko juu yako. Rudisha, ufunge kwa mukono wako!"

Mwenye nyumba akaurudisha kwa fundi, sisi watazamaji nyuma yake, akaufunga, jasho linamtiririka. Fundi amekaa kivulini, na binti ninayemtaka mimi anampepea: "Pole, kaka, wamekutesa!"

Mimi, kijana mzuri kuliko wote Kindu, nalipa kila mwezi ukiandama. Sijapepewa hata na mwenye nyumba wangu.