Bibi Alipoingia Nyumba ya Video

Wiki mbili zilizopita nilikuwa bandari ya Kalundu nikingoja boti ya kwenda Baraka, ile isiyoondoka mpaka ijae, na kungoja kwa Kalundu unakujua. Karibu yangu mama muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, alikuwa ameegemeza simu yake kwenye ndoo, anatazama watu waliovaa manguo mazito wakikimbizana juu ya barafu na fimbo mikononi. Akaniuliza ule ni mchezo gani. Nikamweleza bila kusita: kile cheusi wanachogombania ni kipande cha tairi kilichogandishwa, na yule aliyefungiwa kwenye kibanda cha vioo ni mateka, wenzake hawawezi kumtoa mpaka wafunge bao.

Mama akaniangalia tangu kichwa mpaka ndala. "Weye ulifika Ulaya?"

"Hapana, mama."

"Sasa nani alikufundisha?"

Nilicheka, kwa sababu aliyenifundisha hakuwahi kufika hata Kigoma.

Alikuwa mtafsiri wa nyumba ya video ya mtaa wetu. Nyumba yenyewe ilikuwa mabati matupu, mabenchi ya mbao, televisheni moja iliyowekwa juu ya meza ndefu, na jenereta nyuma ya ukuta. Ndani kulinuka petroli, jasho na karanga za kukaanga. Mtafsiri alikaa pembeni ya televisheni na kipaza sauti chake, na kazi ya kwanza aliyoifanya kila filamu ilipoanza ni kukata sauti. Wachina, Wahindi, Waamerika, wote aliwanyamazisha, kisha akawasemea yeye mwenyewe. Kwa mdomo wake, bwana wa kung-fu aligombana kama mbeba mizigo wa Kalundu aliyekanyagwa mguu. Siku ya Jumapili mdomo huohuo ulitangaza mpira kwenye kiwanja cha kando ya ziwa, Kalundu dhidi ya Kavimvira, na mabao aliyoyaeleza yalikuwa mazuri kuliko yale tuliyoyaona kwa macho. Kiingereza hakujua. Hatukumdai akijue.

Pale ndipo nilipofanyia shule yangu. Ile nyingine, ya madaftari, niliiacha nikiwa mwaka wa sita, na tangu hapo sijakaa mahali zaidi ya misimu miwili. Lakini nyumba ya video nilijua kila msumari wake. Nilijua kifungo kipi kinaleta picha na kipi kinaleta sauti, maana kila mara mashine ilipofunguliwa kusafishwa nilikuwa nimeingiza kichwa.

Bibi aliyenilea hakupapenda hata kidogo. Alikuwa mwanamke wa kanisa, mwanzisha nyimbo kwenye kundi la akina mama, na mikono yake ilinuka ndagala wiki nzima isipokuwa Jumapili. Alikuwa akisema, "Mutu akiingia mule, macho inatoka, roho inabakia." Akinikuta karibu na mlango alinivuta sikio mpaka nyumbani, na njiani aliwasalimu majirani kana kwamba hakushika kitu.

Bibi alikuwa na binti wa mwisho, tantini yangu. Wakati wa vita alivuka ziwa na mwanawe wa miaka minne, akakaa kambini, na kutoka kambini wakawapeleka Kanada, kwenye mji unaoitwa Winnipeg. Mwanzoni barua zilikuja. Kisha zikakatika, mwaka mmoja, wa pili. Siku moja sokoni muuza mihogo akamwambia mwenzake, kwa sauti ya mtu anayetaka kusikika, kwamba baridi ya kule ilishamuua yule binti ila familia inaficha. Bibi alirudi nyumbani, akamwaga ndagala juani, akasahau kuzigeuza mpaka zikaungua upande mmoja. Sikuwahi kumwona akisahau ndagala.

Ndipo ikaja kaseti ya video, mwaka wa sita tangu tantini avuke. Ilikuwa imepita mikono ya watu wanne, wa mwisho ni dereva kutoka Bujumbura ambaye alijua tu kwamba imetoka Kanada, si aliyeituma anafanana vipi. Ilifungwa ndani ya soksi nene za mtoto. Barua haikuwemo. Juu yake kulikuwa na jina la bibi tu, na mwandiko bibi hakuweza kuusoma, nami sikuwa na hakika nao. Je, tantini aliirekodi mwenyewe? Au watu wengine walikusanya vitu vyake baada ya mazishi? Kwa siku tatu kaseti ilikaa chini ya Biblia. Mashine ya kuichezea, mtaa mzima, ilikuwa moja tu.

Siku ya nne, saa tisa mchana, bibi akavaa kitenge chake cha kanisani, akafunga kilemba, akaniambia, "Nipeleke kwenye ile nyumba."

Mwenye ukumbi alisimamisha filamu katikati ya ngumi. Hakuna aliyetoka. Walitoa nafasi kwenye benchi la mbele, na bibi akaketi wima, mkoba magotini, anatazama miguu yake mpaka picha ilipotokea.

Picha ilikuja bila rangi. Mwenye ukumbi alisema kaseti za kule hazipatani na mashine za huku. Basi tukaona mji mweupe na mweusi: barabara pana isiyo na watu wa miguu, theluji imerundikwa kando kama chumvi, basi refu linafunga milango yake lenyewe. Tukaona duka lenye samaki waliokatwa vichwa na kufungwa ndani ya plastiki, na ukumbi ukaguna, "Na kichwa wanapeleka wapi?" Tukaona akina mama weusi wakicheza kwenye karamu, makoti juu, vitenge chini. Bibi alisogea mbele akapitia uso mmoja mmoja. Mtoto wake hakuwamo.

Halafu ikaja barafu. Watoto wenye kofia za chuma na fimbo, na golini amesimama mmoja mdogo aliyefungwa magodoro miguuni. Mtafsiri alikuwa amejizuia kwa heshima, sasa akashindwa. Akashika kipaza sauti. "Mabibi na mabwana! Kipande cha tairi! Mwenye nacho akimbie, asiye nacho apigwe!" Ndani ya dakika mbili ukumbi ulikuwa umegawanyika, nusu wanashangilia wenye mistari, nusu wanaomba mateka akombolewe. Kipa mdogo akazuia kwa goti, watu wakaruka juu ya mabenchi.

Bibi akauliza, "Mutoto yangu iko wapi?"

Mtafsiri alikuwa mtu mwema. Hakupenda mtazamaji wake aondoke bila kitu. Akaonyesha mwanamke aliyepita na kikombe mkononi. "Ndiye huyu, mama! Anasema, nakusalimia mama, nimenona!"

"Ule si mutoto yangu."

"Basi ni ule wa nyuma, mwenye koti. Anasema—"

"Minye nilimuzaa. Najua namna anatembeaka." Bibi alisimama. Kivuli chake kikafunika barafu na wachezaji wote. "Mbona munanidanganya? Kama amekufa, museme amekufa!"

Kwenye televisheni watoto waliendelea kukimbia, midomo inafunguka bila sauti. Nikatazama ile midomo. Nikatazama picha, jinsi ilivyotikisika kila kipa alipookoa, kama mikono ya mtu anayeruka. Nikafikiri: kuna mtu ameshika kamera. Nikaenda mbele nikazungusha kifungo cha sauti.

Kwanza zikaja kelele za fimbo, ngoma fulani ya redio, watu wanapiga makofi. Halafu karibu kabisa, kama vile amekaa nasi kwenye benchi, mwanamke akapiga kelele: "Weye! Simama muzuri! Unalala mu gori kama kwa bibi yako?" Akacheka. Kisha akashusha sauti. "Mama, ule kipa ni mujukuu yako. Leo amefikisha miaka kumi. Mimi niko hapa nyuma, ni minye nashika mashine, usinitafute. Niko muzima. Barua zinarudi, sijui mbona. Mama, niko muzima."

Bibi alikuwa amefumba macho. Akaanza kuhesabu kwa vidole, taratibu, midomo inatembea. Mjukuu alivuka na miaka minne. Tano, sita, saba. Alipofika kumi akaiweka mikono yote miwili kifuani. "Ni mwaka huu," akasema. "Ni sasa."

Akamgeukia mtafsiri. "Rudisha. Na weye unyamaze."

Walirudisha mara tano. Watu waliokuja kutazama ngumi walikaa wakimsikiliza mwanamke asiyeonekana akimgombeza mtoto wake. Aliyekuwa na karanga aliacha kutafuna.

Mwaka ule watoto wote wa Kalundu tulicheza mchezo wa barafu kwenye sakafu ya ghala, pale mapipa ya mawese yalipovuja na saruji ikateleza. Tulitumia makuti yaliyochunwa kama fimbo na kifuniko cha bidoni ya mafuta badala ya tairi, tukafuata sheria za mtafsiri, mateka na yote. Tulirudi nyumbani magoti mekundu kwa mafuta, na bibi, ambaye zamani angenichapa, aliuliza nani alikuwa kipa.

Yeye mwenyewe alienda nyumba ya video kila Jumanne, saa tisa, kabla ya filamu. Kaseti ikachoka. Picha ilibaki, ila sauti ilianza kumezwa, neno hapa neno pale, mpaka siku moja mashine ikatoa mvumo mtupu. Bibi alikaa akitazama. Ndipo mtafsiri akavuta kiti chake karibu naye, bila kipaza sauti, na picha ilipofika golini akasema polepole: weye, simama muzuri. Akasema leo amefikisha miaka kumi. Akasema niko hapa nyuma, usinitafute, niko muzima. Hakuongeza neno. Mtu ambaye hakuweza kutangaza kona bila kutia simba na radi ndani yake alisema maneno ya tantini yalivyokuwa, kila Jumanne, mpaka bibi aliposhindwa kutembea.

Bibi hayupo tena. Ile nyumba sasa wanauza simu na paneli za jua. Mtafsiri alikwenda kusini, Kalemie au mbele yake, nimeuliza kwenye kila bandari niliyopita. Tantini ni mzima mpaka leo. Mwezi uliopita alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika nzima, nami nikausikiliza nikiwa juu ya pikipiki, nusu yake ikaenda na upepo. Jioni simu ikasema imejaa, nikafuta vitu, na huo ukiwemo.